Fundi Bado Analimalizia

12 Januari

Mdogo wangu,

Pole na kazi ya kumwangalia Baba. Sisi huku tu wazima, ukiondoa kikohozi cha mpwa wako wa mwisho, ambaye akitaka kukwepa shule anakohoa kama mzee wa miaka themanini, shule ikifungwa anapona. Shemeji yako ni kazi tu. Akirudi anauliza chakula, akishiba anauliza rimoti. Namshukuru Mungu.

Naandika kama tulivyokubaliana. Kwenye simu tunakatana maneno mpaka mmoja wetu anakata simu yenyewe, na umesema Baba akisikia inalia anadhani ofisi inamwita safarini. Barua angalau inamwacha mtu amalize sentensi yake.

Sasa lililonileta. Sijasahau tulivyopanga. Mwaka umeisha, ni zamu yangu, nije na gari nimchukue Baba akae kwangu, wewe urudi gereji. Na najua basi hapandi tena. Mpaka leo nikikumbuka ile safari natafuta pa kuficha uso, Baba anasimama katikati ya mwendo anamfuata dereva anamwambia, "Kijana, ondoka kwenye kiti changu." Mtu ameendesha mabasi maisha yake yote, utamwambiaje leo yeye ni abiria. Kwa hiyo ni gari langu au hakuna safari.

Nimelipeleka kulekule nilikolinunua, kwa wakala, wanikagulie kabla ya kuingia njiani. Unaujua ule ukumbi wao, vioo pande zote, sakafu unaogopa kuikanyaga, na mashine ya kahawa ya bure inayokufanya ujione mgeni rasmi. Mapokezi kuna kijana mmoja nimembatiza Bwana Tabasamu. Anatabasamu hata akikupa habari mbaya. Alinipa karatasi ya rangi tatu. Kijani ni salama, njano ni hivi karibuni, nyekundu ni hatari. Yangu ilikuwa njano kama kiini cha yai. Anasema nibadilishe pedi za breki za mbele, shokapu za nyuma, belti ya injini, kichujio cha hewa, na nisafishiwe mfumo wote wa mafuta.

Wewe ndiye fundi wa ukoo huu. Niambie, kweli haya yote ni lazima?

Msalimie Baba.

Dada yako

*

24 Januari

Dada,

Salamu zimefika, na huyo mkohozi mpe pole zake. Mimi nipo. Baba naye yupo, anakula vizuri na analala vibaya. Kila asubuhi anavaa shati lake la kazi, anakaa kwenye kiti karibu na mlango na kuniuliza, "Gari liko tayari?" Namjibu, "Bado, Baba, fundi analimalizia." Anatikisa kichwa, anatulia mpaka saa nne hivi. Kisha anauliza tena.

Tuje kwenye karatasi yako. Njano, dada yangu, ni rangi ya biashara. Nyekundu inamtisha mteja akakimbilia kwingine, kijani haina faida kwa mtu, njano ndiyo inayolipia ile kahawa ya bure. Pedi za breki muulize zimebaki unene gani, akuoneshe kwa macho, sio kwa mdomo. Zikiwa nene kuliko sarafu tatu ulizozipanga pamoja, zitakufikisha huku na kukurudisha. Belti ikiwa haina nyufa, iache. Kichujio cha hewa unaweza kukitoa wewe mwenyewe ukakikung'uta kama kirago. Kusafisha mfumo wa mafuta ni maneno matamu tu. Shokapu tutaziona ukifika, nitazikagua hapa uani bila kukutoza hata kahawa.

Kwa hiyo jibu langu, si lazima. Njoo.

Bosi amenitumia ujumbe. Nafasi yangu ya gereji ananishikia mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Baada ya hapo anasema hawezi, na simlaumu, magari yanapanga foleni mpaka barabarani.

Mdogo wako

*

9 Februari

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kikohozi kimekwisha, sasa ni meno. Dada yake naye ana mitihani, hataki mtu apumue karibu naye. Mimi kazini tumehamishwa ghorofa, tumewekwa chumba kisicho na dirisha, tunawasha taa mchana kutwa kama kuku wa kufugwa.

Barua yako ilinichekesha, hasa hiyo rangi ya biashara. Ila kabla haijafika nilikuwa nimeshawaambia wabadilishe pedi na belti. Nilisema safari ni ndefu, na nambeba Baba, bora nusu shari. Walipolipandisha juu kwenye mashine wakaona mengine. Bwana Tabasamu akanipigia simu, sauti yenyewe inatabasamu, akasema shokapu zinavuja na ile mipira inayoshika injini imechoka. Kipuri kimoja kinaagizwa kutoka mbali. Gari limelala kwao siku kadhaa, nimelichukua jana, na tayari wamenipangia tarehe ya kulirudisha.

Usinikasirikie. Mimi sijui kitu, nikifungua boneti naona vyuma tu. Mtu aliyevaa shati lenye nembo akikuambia hiki kimechoka, utambishiaje?

Baba anaendeleaje na usingizi? Jaribu kumwoshea miguu kwa maji ya moto kabla ya kulala. Mama alikuwa akimfanyia.

Dada yako

*

17 Februari

Dada,

Wote tupo. Miguu tumeosha. Imesaidia usiku mmoja.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili sikucheka. Umeniuliza, nimekujibu, na wewe umeshafanya. Sasa kwa nini uliniuliza?

Haya, tuache hayo. Usimsikilize tena huyo kijana, lisikilize gari. Nitakuelekeza, na ufanye hivyohivyo. Simama nyuma, bonyeza pembe ya gari kwa uzito wako wote, uachie. Likinesa mara moja likatulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kunesanesa kama godoro la springi, hapo amesema kweli. Kisha nenda kwenye uwanja mtupu, kata usukani wote kushoto, tembea polepole, zima redio, zima watoto, sikiliza. Fanya hivyo na kulia. Mwisho pitisha kiganja kwenye tairi za mbele, upande wa ndani usioonekana, uniambie kama zimelika sawa. Mimi nimewatibu watu kwa simu wakiwa wamekwama porini, nitashindwaje kwa barua.

Nikueleze na habari za hapa, maana naona unaniulizia usingizi wa Baba tu. Siku hizi nafunga mlango kwa ufunguo mchana na usiku, na ufunguo nauvaa shingoni kwa kamba. Mwezi uliopita alitoka nikiwa bafuni. Jirani mshonaji alimkuta kituo cha basi amesimama mbele ya abiria, anawapanga foleni. Tangu hapo simwachi, na yeye haniachi. Nikitaka mkate namwita mshonaji dirishani, nampa pesa kupitia nondo, ananirudishia mkate kupitia nondo. Ukipita nje ukatuona, hutajua nani anamlinda nani.

Siandiki haya ili unionee huruma. Naandika ili uje.

Mdogo wako

*

6 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa, nisamehe. Nilianza barua hii mara mbili nikaichana. Hilo la nondo nililisoma nikiwa kazini, ikabidi niende chooni nikae kidogo.

Nimefanya vipimo vyako vyote. Watoto walinicheka nilivyokuwa nalibonyeza gari mbele ya majirani. Nyuma limenesa mara moja likatulia, kwa hiyo shokapu za zamani hazina neno, na zile mpya nilizokwisha kulipia, hata hazijafungwa, nimenunua bure. Umeshinda. Uwanjani kulia kimya. Kushoto kuna mlio, sio mkubwa, ko, kisha kimya, kisha ko. Nikipita kwenye shimo nausikia chini ya mguu wangu kama mtu anabisha hodi. Nikishika breki usukani unavuta kushoto. Na tairi ya kushoto, kule ndani, imelika mpaka kiganja kimekwaruzika. Ile ya kulia iko sawa.

Nilirudi kwa wakala. Safari hii Bwana Tabasamu hakutabasamu. Alinipa karatasi yenye nyekundu moja tu, kile kifundo cha chini cha gurudumu la mbele kushoto. Akasema nisiende safari nacho. Lakini ndiye huyohuyo aliyeniuzia shokapu, sasa nimwamini vipi? Anataka gari libaki tena, na kipuri kinaagizwa tena.

Nakuachia wewe. Ukisema ni lazima, nangoja kipuri. Ukisema si lazima, Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili alfajiri naingia barabarani, jioni niko mlangoni kwako. Neno lako ndilo nitakalofuata.

Dada yako

*

12 Machi

Dada,

Sote hatujambo.

Si lazima. Hiyo ni njano waliyoipaka nyekundu. Njoo hiyo Jumamosi.

Mdogo wako

*

15 Machi

Dada,

Leo sina salamu. Usiendeshe gari. Barua hii ikikufikia, liache lilipo, hata kama umelipaki pabaya. Nimekupigia simu tangu jana, inaita na hupokei, na kila nikipiga Baba anainuka kutafuta kofia yake ya kazi. Mshonaji ameahidi kuipeleka bahasha hii mwenyewe kwenye mabasi, ifike kesho kutwa.

Nilikudanganya. Naiandika kama ilivyo kwa sababu nikianza kuipaka sukari sitaimaliza. Ulipoandika ule mlio, kuvuta kushoto na tairi kulika ndani, nilijua papo hapo. Mafundi tunakiita boljointi. Ndicho kinacholishika gurudumu la mbele lisiondoke. Kikichoka hivyo kinaweza kukaa mwezi, kinaweza kukaa dakika tano. Kikichomoka ukiwa kwenye mwendo, gurudumu linalala, usukani unakuwa wa bure mikononi mwako, na gari linaenda linakotaka. Nimeshawahi kuyavuta magari ya namna hiyo kutoka mitaroni. Sikukusimulia tulichokikuta ndani, na leo pia sitasimulia.

Nilijua yote hayo, nikaandika si lazima.

Nilitaka uje. Ndiyo sababu nzima, sina nyingine. Ujumbe wa bosi ulikuwa mezani, Baba alikuwa ameniuliza swali lake tangu alfajiri, na nilikuwa nimekaa sakafuni nimeegemea mlango nilioufunga mwenyewe. Nikahesabu kwamba huenda kikavumilia. Nikasema moyoni utaendesha polepole, wewe ni mwoga wa mwendo. Nikaibandika stempu upesi, kabla akili haijanirudia.

Aliyenizindua ni Baba. Jana ameniuliza kama kawaida, nami nikamjibu kama kawaida, fundi analimalizia. Kwa kawaida anatikisa kichwa. Jana akanishika mkono, akaniangalia kama zamani, akasema, "Mwambie fundi asiharakishe. Mimi nabeba watu."

Dada, nimefanya kazi ile miaka yote nikiwasema mawakala kwamba wanatia watu hofu wapate kula. Sijawahi kumwona hata mmoja wao akimwambia mtu gari lake ni salama huku akijua litamuua. Huyo Bwana Tabasamu wako safari hii amesema kweli. Mwache alitengeneze. Na wewe ukiamua kutonisemesha tena, nitaelewa.

Nijulishe tu kwamba u hai. Neno moja linatosha.

Mdogo wako

*

19 Machi

Mdogo wangu,

Ni mzima. Nimetanguliza hilo ili upumue, mengine usome taratibu ukiwa umekaa.

Watoto hawajambo. Shemeji yako anakusalimu, hajui lolote, na naomba abaki hivyo.

Ile barua yako fupi ilinifikia Ijumaa. Niliisoma nimesimama jikoni. Mistari miwili, bila utani wala swali la watoto. Ungedhani nilishtuka nikahisi kuna uongo. Sikuhisi. Nilikuamini moja kwa moja. Na kwa kuwa nilikuamini, Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa wakala kwa mwendo wa konokono, nikamwambia Bwana Tabasamu alitengeneze hilo gurudumu, tena asifanye haraka.

Umeelewa nilichosema? Nilidhani gari ni zima, na bado nikaenda kulilaza gereji. Zile simu zako niliziona zote. Nilikuwa nazitazama zikiita juu ya meza, kwa sababu nilijua unapiga kuniuliza natoka saa ngapi.

Zile pedi, belti, shokapu, usimlaumu kijana wa watu. Yeye alinipa karatasi na kuniambia mengi yanaweza kusubiri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwuliza, hakuna kingine? Angalia vizuri, ni safari ndefu. Mtu akiulizwa hivyo mara tatu, ataona tu kitu cha kukuuzia. Nawe nilikuuliza nikitaka uniambie ni lazima. Kila barua nilikuwa naifungua nikiomba useme gari ni bovu, halipoi, nisije. Na wewe kila barua, si lazima, njoo.

Sababu ni hii, sijamwambia mtu. Ile mara ya mwisho nilipokuja, wewe ulikuwa nje unaongea na mshonaji. Nilimpelekea Baba chai. Akaipokea kwa adabu, akanishukuru, akaniita mama, kama anavyoita kila mwanamke mgeni. Kisha akaniinamia akaninong'oneza, "Huyu dada aliyekuja anaondoka lini? Tunataka kulala." Nikamjibu kesho. Akasema vizuri. Ndiyo maana niliondoka asubuhi ile, na wewe ukanuna ukidhani nakukimbia. Mimi ndiye mtoto ambaye Baba alikuwa akinipakata kwenye usukani, mdogo wangu. Wewe hakukupakata, ulikuwa unatapika. Nikafikiria kumweka mtu huyo kwenye chumba cha kwangu, kila asubuhi aniulize naondoka lini kwenye nyumba yangu mwenyewe. Nikaona siwezi. Badala ya kukuambia siwezi, nikakuambia shokapu.

Barua yako ya pili imeletwa jana. Nimeisoma nikiwa kulekule kwa wakala, kwenye kile kiti laini. Nikamwomba Bwana Tabasamu anioneshe kile kifundo cha zamani. Alikileta kimefungwa kwenye gazeti. Nilikishika kwa vidole viwili kikacheza kama jino la mpwa wako. Akaniuliza kama najisikia vibaya, akaniletea maji.

Kwa hiyo uongo wako ungeniua, na uongo wangu umeniokoa. Sijui tumshukuru nani kwa hilo. Nimekukasirikia usiku mzima. Asubuhi nimeangalia nina haki kiasi gani, nikakuta ni kidogo sana. Ulikuwa umefungiwa mlango na aliyekufungia ni mimi.

Gari limetoka leo. Karatasi yote ni kijani, juu mpaka chini. Nilimwuliza kwa mazoea, hakuna kingine? Akatabasamu, akasema hana la kuongeza.

Limesimama hapa nje. Nalitazama nikiandika.

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa sakafuni palepale nikaisoma. Wabusu watoto. Shemeji asijue, sawa.

Tumekuwa wawili wa kusamehewa, kwa hiyo hili tusilikuze. Sitarudia kuomba msamaha kila barua, wala wewe usirudie. Yamekwisha.

Nafasi ya gereji imekwenda. Bosi amemweka mtu mwingine mwanzoni mwa mwezi, akanitumia ujumbe mrefu wa heshima, akasema milango haijafungwa. Nilicheka peke yangu kwa hilo neno lake la milango. Sikuambii ili ujione mkosaji. Nakuambia ili ujue kwamba huna tena tarehe ya kuwahi, na mimi sina cha kukuhimizia. Gari lako ni zima, kazi yangu haipo. Ukija sasa, utakuwa umekuja tu. Usipokuja, utakuwa hukuja tu. Hatuna tena shokapu ya kusingizia.

Hilo la chai sikulijua. Ungeniambia siku ileile, ningekuambia na mimi ananiita kijana wa gereji. Hajui mimi ni mwanawe tangu mvua za mwaka jana. Nami nilinyamaza, nikiogopa kwamba ukijua Baba hamjui hata mmoja wetu, utaona hakuna wa kumfuata huku. Ananipenda lakini. Ananiambia, kijana, wewe ni fundi mzuri, tatizo lako huwezi kumaliza kazi.

Ndani ya bahasha utakuta kitu kimefungwa kwa kitambaa. Mshonaji amenichongeshea ufunguo wa pili. Ni ndugu wa huu nilio nao shingoni. Nauweka kwako, hata ukikaa nao mwaka mzima kwenye droo.

Ukija, usibishe hodi. Akisikia hodi anakimbilia mlango na tunaanza kushikana. Fungua mwenyewe, ingia taratibu. Utamkuta kwenye kile kiti, na shati lake la kazi limefungwa vifungo mpaka juu. Atakutazama, atakuita mama, pengine atakuuliza unaondoka lini. Usimwambie wewe ni nani. Nilijaribu, inamtia aibu, anaanza kuomba radhi kwa mambo asiyoyajua.

Mwambie tu gari liko tayari. Atainuka mwenyewe.

Mdogo wako